Lenzi Pana kwenye Mto Ngono

Vijana wangu,

Jumamosi ile mlipokuja hapa Kanazi, wanne juu ya pikipiki mbili, mliniuliza swali dogo nami nikawapa jibu refu lisilo na kitu. Mlitaka kujua mchukue lenzi gani kwa ajili ya kupiga picha za mandhari kwenye safari za boti mtakazoanza mtoni Ngono. Nikawafungulia kabati langu, nikawapa kahawa ya kutafuna, nikawachekesha kidogo, mkaondoka mmeridhika. Mimi sikuridhika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijua kwamba nimewatuma majini na nusu tu ya ninachokijua. Nusu nyingine naiandika sasa. Ndiyo iliyonifanya niache kazi. Hili bega ninalowatajia watu ni kweli linauma, lakini si lenyewe lililoniachisha.

Nianze na lenzi, maana ndizo mlizouliza.

Mtoni usibebe duka zima. Chukua lenzi mbili, na ukiweza kuazima kamera ya pili, chukua, ili kila lenzi ikae kwenye kamera yake kuanzia nchi kavu hadi nchi kavu. Mafunjo yakishakomaa yanapeperusha vumbi jepesi kama pamba, na ukifungua kamera katikati ya mto ili ubadilishe lenzi, vumbi hilo linaingia na kukaa. Utaliona jioni, doa lile lile kwenye kila mbingu uliyopiga.

Lenzi ya kwanza iwe ile ya katikati, ya milimita ishirini na nne hadi sabini. Hiyo itafanya sehemu kubwa ya kazi. Ya pili iwe ndefu, sabini hadi mia mbili. Watu wanadhani lenzi ndefu ni ya ndege na wanyama tu. Jaribu kuielekeza kwenye vilima vya Muleba asubuhi wakati ukungu haujaondoka, uone vilima vinavyosogeleana, kimoja nyuma ya kingine, na migomba inavyopanda juu yake kama ngazi. Ukiwa na lenzi ndefu huhitaji kumsumbua nahodha. Boti inabaki katikati ya mto, palipo na kina, na wewe unakaa kwenye benchi lako.

Iko ya tatu, ile pana, ya kumi na sita. Hiyo ndiyo mliyoishika muda mrefu kuliko zote pale mezani, nikawaona. Ni lenzi nzuri. Lakini inasukuma kila kitu mbali. Ukiwa katikati ya mto ukaielekeza ukingoni, unapata maji mengi, mbingu nyingi, na katikati yake uzi wa kijani ambao ndio ukingo wenyewe. Ili ikupe picha, lazima uwe karibu sana na kitu. Kwa hiyo inakuambia usogee. Ukisogea, inakuambia usogee tena.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Abeid, aliyekuwa na studio mjini Bukoba, nyuma ya soko. Babu yake alikuja kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilikwenda kwake nikiwa msichana niliyemaliza shule na kukosa pa kwenda. Mwezi wa kwanza sikugusa kamera. Nilifagia, nilipanga viti vya wateja, nilijifunza kumwambia bwana harusi afunge kifungo bila kumuaibisha mbele ya mkewe.

Adui yetu mkubwa hapa Kagera ni unyevu. Mvua yetu mnaijua. Lenzi ikikaa mwezi bila kutumiwa inaota ukungu ndani ya kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui, na zikishakula kioo hazifutiki. Mzee Abeid alikuwa na kabati la mbao lenye taa ndogo ndani inayowaka mchana kutwa, na joto la taa ile liliweka lenzi zake kavu kwa miaka mingi. Mimi nilipopata lenzi yangu ya kwanza sikuwa na kabati wala umeme. Nikafikiri: kahawa iliyoanikwa vizuri ni kavu, itavuta maji. Nikaizika lenzi ndani ya debe la kahawa ya baba, nikaliweka uvunguni. Baada ya wiki tatu nilipoitoa, pete ya kuzungusha ilikuwa imejaa maganda na vumbi, ikilia kama jiwe la kusagia. Nikampelekea Mzee Abeid. Aliinusa kwanza.

"Adelina," akasema, "hii tuiogeshe au tuichemshe tunywe?"

Alikaa siku mbili akiisafisha kwa brashi ya kope. Tangu hapo natumia mchele mkavu ndani ya soksi, na siku hizi vile vipakiti vinavyowekwa kwenye masanduku ya viatu vipya. Msivitupe.

Kosa langu la kwanza majini lilikuwa la kijinga kama hilo. Kulikuwa na jubilei ya masista, wakaenda kisiwani Musira kwa boti, nikaenda nao. Nilitafuta mahali imara pa kuegemea, nikaona kifuniko cha injini, nikaweka viwiko vyangu pale na kupiga picha safari nzima. Zilipotoka, ziwa lilikuwa linatetemeka, kisiwa kinatetemeka, masista wote wana homa. Mzee Abeid alichagua iliyo mbaya kuliko zote, akaibandika ukutani studio, akaandika jina langu chini yake. Ilikaa pale miezi sita. Kwa hiyo ninyi msiegemee chochote kinachogusa injini. Banini viwiko mbavuni, kaeni, magoti yawe laini, na kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga, isishuke chini ya sekunde moja kwa mia tano hata kama mwanga unawadanganya kwamba unatosha.

Alikuwa na tabia moja Mzee Abeid ambayo sikuielewa. Kila baada ya picha mbili tatu alitoa jicho kwenye kamera, akatazama kushoto na kulia na nyuma yake, kisha akarudi. Hata akiwa anapiga picha ya pasipoti. Nilidhani ni uzee. Sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza asichoulizwa. Alifariki wakati filamu ikiwa bado inauzwa madukani.

Baada yake nilifanya kazi yangu mwenyewe, harusi na mazishi, kamera za filamu zikaondoka, za dijitali zikaja, halafu zikaja simu na kila mwalikwa harusini akawa mpiga picha. Wengi wetu tulifunga milango. Mimi niliponea kwenye kambi moja ya wageni iliyofunguliwa kando ya Ngono. Walikuwa na boti ya mbao yenye paa la turubai, wanawapeleka wageni mtoni taratibu kutazama mafunjo, ndege na vilima. Niliajiriwa kuwapiga picha wageni na kuwaelekeza walio na kamera zao. Nilifanya kazi pale miaka minane.

Nahodha aliitwa Mujuni, mtu wa Kishanda, mdogo wangu kwa miaka michache. Alikuwa haongei sana. Alijua mto ule kama mtu anavyojua kibanja chake cha migomba: hapa kuna kisiki, hapa maji yanazunguka, hapa mchanga umehama tangu masika. Aliniita Dada Adela, na alikuwa akipunguza injini kabla sijamwomba, kwa kunitazama tu mabega.

Wa tatu alikuwa Fortunata, ambaye sote tulimwita Fortu. Alikuja mwaka wa saba wa kazi yangu, ana miaka ishirini na mitatu, binti wa Rubafu, amezaliwa ufukweni mwa ziwa. Alikuwa mwongoza wageni. Kila ndege alimtaja kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kama hakulijua jina la Kihaya alimpigia simu mama yake hapo hapo botini, mbele ya wageni, "Ma, yule mweusi mwenye shingo ndefu anayeanika mabawa tunamwitaje?" Wageni walilipenda jambo hilo kuliko ndege wenyewe. Kazi yake nyingine ilikuwa kusimama mbele ya boti na upondo, ule mti mrefu, mkononi, kupima kina na kusukuma magogo.

Sasa nawaeleza siku ile.

Mwenye kambi alitaka picha moja kubwa ya kufunika ukuta wa mapokezi. Aliniambia, "Nataka mto wote, Ma Adela. Mgeni akiingia aone yuko ndani yake." Alikuwa amenunua lenzi pana, mpya, ndiyo ile mliyoishika, maana baadaye hakutaka kuiona tena, akaniachia. Tulikubaliana twende asubuhi bila wageni, sisi watatu tu.

Nyumbani, wakati wa kufunga mkoba, nilikuwa na lenzi pana mkono mmoja na ile ndefu mkono mwingine. Ile ndefu ni nzito. Bega lilikuwa limeniuma usiku kucha, na sikutaka Mujuni anione nikibadilisha mkoba kutoka bega hadi bega kama mwanamke aliyezeeka. Nikaiacha ile ndefu mezani. Ile ya katikati nayo nikaiacha. Nikajiambia, picha ni moja, lenzi ni moja.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne vilimani. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba majani na vipande vya migomba. Lakini mwanga ulikuwa mzuri. Tulipofika kwenye kona moja ambako mti mkubwa umeinama juu ya maji, na nyuma yake kuna mawe na kilima, nilimwambia Mujuni apunguze mwendo. Nikatazama ndani ya kamera. Ule uzi wa kijani. Maji, mbingu, na uzi.

"Tusogee," nikasema.

"Dada Adela, maji ya leo si ya jana. Pale chini ya mti yanavuta."

"Mita tano tu."

Akasogea mita tano. Nikatazama. Ilikuwa bora, lakini bado mti ulikuwa kijiti. Nikaomba tano nyingine. Akasogea. Nikaomba tena. Sasa mti ulikuwa mti, matawi yake yamejaa juu ya fremu, mizizi inaonekana, na mafunjo upande wa kushoto yalikuwa karibu kiasi cha kuhesabu mashina. Lakini lenzi pana haichagui. Inakusanya kila kitu kilicho mbele yake, na mbele yake kulikuwa na pua ya boti, na juu ya pua ya boti alikuwa Fortu ndani ya jaketi okozi la rangi ya chungwa.

Nikamwambia, "Fortu mwanangu, rangi ya jaketi lako inameza picha yote. Livue dakika mbili tu, nikimaliza ulivae."

Aligeuka. Hakunitazama mimi, alimtazama Mujuni, kwa sababu sheria ya boti ilikuwa ya Mujuni. Mujuni alikuwa ameinamia injini. Alikuwa amesikia. Fortu akangoja kidogo, kisha akafungua vifungo, akaliweka jaketi kwenye benchi nyuma yake. Ndani alikuwa na shati jeupe. Nikamwambia abaki amesimama vile vile, upondo mkononi, atazame mbele. Alipendeza. Picha ilikuwa imepata mtu, na mtu huyo ndiye aliyeuonyesha mto ukubwa wake. Nikaanza kupiga.

Nilipiga fremu tisa bila kutoa jicho kwenye kamera.

Nilichokisikia kwanza ni Mujuni akisema "Inama", kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mkondo ulikuwa umeikamata pua ya boti na kuiingiza chini ya mti. Fortu aliinama upesi, tawi likapita juu ya mgongo wake, lakini upondo ulikuwa wima. Ulikwama kati ya tawi na ubao wa boti, ukapinda, ukafyatuka, ukamnyanyua. Aliangukia kati yetu na mafunjo.

Alijua kuogelea. Watoto wa Rubafu wanaogelea kabla ya kusoma. Nililiona hilo na nikapumua. Niliona mkono wake ukipiga maji mara mbili, sawasawa, kama mtu anayejua afanyacho. Lakini mafunjo yale hayajasimama juu ya udongo. Ni mkeka unaoelea, mizizi imeshikana, unene wake unamfika mtu kifuani, na maji yanapita chini yake. Maji yalimvuta chini ya mkeka ule. Hakupiga kelele.

Mujuni aliruka na nguo zake. Mimi nilishika tawi ili boti isiondoke. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Nilishika tawi, kamera ikining'inia shingoni. Mujuni alizama, akaibuka, akavuta pumzi, akazama. Sijui ni mara ngapi. Mara ya mwisho aliibuka ameshika mizizi kwa mikono miwili na hakuweza tena kuiachia, nikamvuta kwa kola. Tulipiga simu kambini. Watu wa vijiji vya karibu walikuja na mapanga, wakaukata mkeka ule kipande kwa kipande. Walimpata mchana, hatua kumi tu kutoka alipoangukia.

Ningekuwa na lenzi ndefu, tungebaki katikati ya mto. Fortu angekuwa pembeni yangu, nje ya fremu, ndani ya jaketi lake. Hiyo ndiyo hesabu. Nimeirudia mara nyingi na haijawahi kutoa jibu lingine.

Baada ya siku mbili mwenye kambi alituita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, hakufoka. Aliuliza kwa nini mfanyakazi wake alikuwa majini bila jaketi. Nilifungua mdomo. Mujuni akatangulia.

"Mimi ndiye nahodha," akasema. "Aliyeko kwenye boti yangu bila jaketi ni kosa langu."

"Alilivua kwa nini?"

"Nilimwachia alivue."

Mwenye kambi akanigeukia. "Ma Adela, una la kuongeza?"

Nilikuwa na la kuongeza. Nilitazama viatu vyangu, nikasema sina. Akauliza kuhusu picha, nikasema kadi ya kamera iliingia maji. Mujuni aliondoka kambini wiki ile ile. Mimi nilibaki miezi mitatu zaidi, nikipiga picha wageni wakicheka, halafu nikaaga nikisema bega limenishinda. Walinifanyia sherehe ndogo, wakanipa kitenge.

Kadi haikuwa imeingia maji. Ilikuwa kwenye kikopo cha dawa kabatini kwangu.

Siku ya mazishi kule Rubafu, mama yake Fortu, Ma Paskazia, alinishika mkono kati ya watu wengi. Alikuwa amesikia kwamba nilikuwa nikipiga picha asubuhi ile. "Waitu," akanisihi, "nitengenezee moja. Ya siku ile. Nataka kumwona alivyokuwa." Nikamwitikia. Nikampelekea picha nyingine, ya wafanyakazi wote wamesimama mbele ya jengo la kambi, Fortu wa pili kutoka kulia. Alinishukuru.

Zilipita masika mbili ndipo nikaenda Kishanda kumwona Mujuni. Nilimkuta akianika kahawa, anaisambaza kwa reki juu ya mkeka. Hakuwa amerudi majini. Tulikaa kwenye baraza lake, mkewe akatuletea ndizi za kuchoma, tukazungumza habari za bei ya kahawa na ugonjwa wa migomba mpaka mkewe akaingia ndani. Hapo nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

Aliondoa mchanga kwenye meno ya reki.

"Nilisikia ukimwambia avue," akasema. "Alinitazama. Nilijua ananitazama. Nikajifanya nashughulika na injini, kwa sababu sikutaka kubishana na wewe mara ya nne. Sasa nikutaje uwe umefanya nini peke yako?"

"Ningeweza kusema mwenyewe."

"Ungeweza."

"Nataka kwenda kwa mama yake."

"Nenda," akasema. "Lakini usiende kwa ajili yangu. Mimi nimezoea. Na usiende ili akusamehe, utamtwisha mzigo mwingine. Kama ana kitu chake uko nacho, mpelekee. Basi."

Nilianzia kambini. Mwenye kambi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema hayo yamepita na nahodha mwingine alishaajiriwa. Akaniuliza kama bega limepata nafuu. Sijui nilitegemea nini. Nilitoka pale mwepesi kidogo na mwenye aibu zaidi.

Kabla sijaandika habari za Rubafu, nimalize kazi yangu kwenu, maana baada ya hapo sitakuwa na hamu ya kuandika mambo ya lenzi.

Lenzi pana mtapewa mkiitaka, iko hapa, kavu na safi. Itumieni boti ikiwa imefungwa gatini, au mkiwa nchi kavu. Mtoni mwende na ile ya katikati na ile ndefu. Kama bega linauma, mpe mwenzako akubebee na useme wazi kwamba linauma. Kama picha inataka boti isogee, na nahodha amesema hapana mara moja, picha hiyo haipo. Hamkuikosa, haikuwapo. Mtu yeyote aliye mbele ya kamera zenu abaki na jaketi lake, na rangi ya chungwa iingie kwenye picha, iharibu mbingu, iharibu mto, iharibu ukuta wa mapokezi. Na toeni jicho kwenye kamera. Baada ya kila picha mbili, tatu. Tazameni kushoto, kulia, nyuma. Mzee Abeid hakuwa mzee alipokuwa akifanya hivyo, alikuwa na umri kama wa baba zenu sasa. Leo nadhani kuna kitu kilimtokea naye, asikisimulie.

Nilikwenda Rubafu siku ya wiki, ili nisimkute na wageni. Nilikuwa nimeichapa fremu ya tisa mjini, ukubwa wa kutosha, nikaiweka kwenye fremu yenye kioo. Ma Paskazia alikuwa jikoni akimenya ndizi. Akanikaribisha sebuleni, akafuta mikono kwa kanga, akaipokea picha kwa mikono miwili.

Aliitazama muda mrefu. Nje kulikuwa na kuku anakwaruza majani makavu ya migomba, na nilimsikiliza kuku yule kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza.

"Hana jaketi," akasema.

"Nilimwambia alivue, Ma. Rangi yake ilikuwa inaharibu picha. Na ni mimi niliyetaka tusogee pale. Mujuni hakutaka."

Hakuinua macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ya hasira au ya kilio, na nilikuwa nimeandaa majibu. Hakuniuliza lolote katika yale niliyoyaandaa. Alisogeza picha karibu na uso wake, kisha akainyoosha mbali, kama anavyofanya mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka.

"Mbona ni mdogo hivi?"

"Ni lenzi," nikasema. "Ile lenzi inawafanya watu kuwa wadogo."

"Huwezi kumleta karibu? Kidogo tu, nione uso."

"Nimejaribu. Nikimkuza zaidi uso unavunjika, yanabaki madoa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi limeshaondoka. Akasema, "Picha niachie. Wewe nenda."

Nikasimama. Alikwenda kuiegemeza picha kwenye dirisha penye mwanga, akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akainama mpaka paji lake la uso likagusa kioo. Alikuwa bado vile nilipofika mlangoni.